Shangazi Wawili Ndani ya Kompyuta Moja

Mama hajawahi kumwita mtu mzima kwa jina lake mbele yetu. Kwake kila mtu anaitwa vile sisi watoto tunavyopaswa kumwita: baba mdogo, mama mkubwa, mjomba, bibi wa ghorofa ya juu. Hata akimpa baba habari za dada yake mwenyewe, yaani dada wa baba, hataji jina. Anasema "shangazi yao", kama vile yule mama alianza kuwepo siku sisi tulipozaliwa. Nimekua na watu hawa wote, wamenipakata, wamenisuka nywele, wamenigombeza, na ukiniuliza majina yao ya kwenye vitambulisho nitabaki nakutazama tu.

Hilo halikuwa tatizo mpaka mama aliponunua cherehani ya kudarizi.

Cherehani yenyewe inakaa kwenye meza ya kulia, kwa hiyo sisi siku hizi tunakula tukiwa na sahani magotini. Unachora picha kwenye kompyuta, programu inaigeuza ile picha kuwa mishono, unaibeba kwa flashi, unaichomeka kwenye cherehani, na cherehani inashona peke yake huku ikilia kama nyuki. Mama ni wa vitambaa na nyuzi. Mimi ni wa kuchora. Mgawanyo huu ulinifaa sana kwa sababu mimi ni mtu wa aibu, na sisemi hivyo kwa kujipamba. Mgeni akibisha hodi, mimi tayari niko chumbani. Wateja walikaa sebuleni na mama, mimi nikasikiliza mlango ukiwa wazi kidogo, nikachora walichokitaka. Wengine waliamini kwamba picha zinachorwa na cherehani yenyewe, na sikuona sababu ya kutoka kwenda kuwasahihisha.

Kazi moja ya kompyuta mama aliishikilia kwa mikono miwili: kusevu. Nilimfundisha mwenyewe, akaipenda. Kazi ikikubaliwa na mteja, ananiambia nisogee, anakaa, anavaa miwani, anaandika jina la faili kwa kidole kimoja. Na jina, bila shaka, ni lile sisi watoto tunalomwita mwenye kazi. Ukifungua folda yetu ungedhani umeingia ukumbini kwenye harusi: MAMA MKUBWA. BIBI WA JUU. MJOMBA WA KWAYA. Wote wamekaa kwa mpangilio, wamependeza.

Sasa nije kwa shangazi, yule wa kweli, dada yake baba.

Anaishi Columbia Heights, mabasi mawili kutoka kwetu huku Amerika, na binti yake alikuwa anakaribia siku ya dote. Kwetu dote ndiyo siku ambayo ukoo wa mwanamume unakuja rasmi kuomba, na upande wa msichana unawapokea mezani. Shangazi alitaka kitambaa cha meza, na alitaka kiwe na ua la bibi, mama yao yeye na baba. Bibi huyo sikumwona, alifariki kwenye kambi ya wakimbizi Tanzania kabla sijazaliwa. Lakini huko Uvira, zamani, alidarizi kwa mkono ua moja tu maisha yake yote. Aliliweka kwenye mito, kwenye migongo ya viti, kwenye kitambaa cha kufunikia redio. Walipokimbia hawakubeba hata kipande kimoja. Kwa hiyo ua lilibaki kichwani mwa shangazi tu.

"Ni siku ya mjukuu wake," alimwambia mama. "Nataka mama yangu naye akae pale mezani. Hataweza kukaa kwa njia ingine."

Basi akawa anakuja jioni akitoka kazini, ananikalia kando mbele ya kompyuta. Sijawahi kukaa na mtu mzima karibu hivyo kwa muda mrefu hivyo. Nilikuwa hata kupumua napumua kwa adabu.

"Hapana," anasema. "Jani linalala. Hili lako limesimama kama askari."

"Hivi?"

"Sasa limelewa."

Nanyanyua kidogo.

"Hapo limelewa lakini linajikaza. Punguza tena."

Akicheka ananigonga goti, nami naanza kucheka, halafu nakumbuka kwamba mimi sichekagi na wakubwa, nanyamaza. Jioni kadhaa zilipita hivyo, petali moja baada ya nyingine. Kisha siku moja nilikunja kikonyo upande wa kushoto na shangazi akaacha kusema. Alinyoosha kidole akaligusa ua kwenye kioo, akaacha alama ya mafuta ya maandazi.

"Njo yenyewe," akasema, yaani ndilo lenyewe.

Tulilishona dogo la majaribio kwenye leso. Akaitia kwenye mkoba. Mama akavaa miwani, akakaa, akasevu: SHANGAZI.

Baada ya hapo ndipo alipokuja mama mmoja Mkenya anayeishi Eagan. Ni nesi, anaongea haraka, na kikundi chao cha akina mama kilitaka aproni zenye kikombe cha chai kinachotoa mvuke, za kuvaa wakipika kanisani. Kaka yangu mdogo alipomfungulia mlango alimwita madam.

"Madam ni wa shule," nikamsikia akisema. "Kazini naitwa ma'am, dukani naitwa ma'am, hata dereva wa basi ananiita ma'am. Nyinyi mniite shangazi, sawa? Nisikie niko kwetu kidogo."

"Umesikia?" mama akamwambia kaka yangu. "Shangazi."

Nilichora kikombe. Kilikuwa kizuri, kwa kweli, na mvuke wake ulikuwa na mikunjo mitatu ambayo najivunia mpaka leo. Aproni zikashonwa. Mimi nilikuwa shuleni mama alipovaa miwani yake na kusevu.

Jumamosi iliyofuata nikakaa nikuze ua la shangazi lipate ukubwa wa kitambaa cha meza. Nikafungua SHANGAZI. Kikombe cha chai.

Nikafunga, nikafungua tena, kana kwamba kompyuta ingejirudi. Kikombe kikanitazama na mvuke wake.

"Mama," nikaita. "Ulisevu kile kikombe kwa jina gani?"

"Jina lake. Shangazi."

"Na ua la shangazi?"

"Si liko hapo hapo? Shangazi."

"Mama, kompyuta haikukuuliza kitu?"

"Iliniuliza," akasema, akiwa anachambua maharage bila wasiwasi. "Iliniuliza kama nina hakika. Nikabonyeza ndiyo. Kwani mimi ni mtu wa kusitasita?"

Nikamweleza polepole. Kwamba faili mbili haziwezi kukaa folda moja kwa jina moja, ya pili ikija inakaa juu ya ya kwanza, na ya kwanza inakwisha. Haiendi hata kwenye pipa la takataka la kompyuta, maana haikufutwa. Ilikaliwa. Mama alisimamisha mkono katikati ya maharage.

"Lakini hawa ni watu wawili tofauti kabisa," akasema. "Mmoja ni wa baba yenu, mmoja ni wa Eagan. Mashine haioni?"

"Mashine inaona herufi tu, mama."

Kwenye flashi nako kikombe kilikuwa kimelikalia ua la leso, ikabaki mishono ya jaribio la mwanzo tu, nikapata matumaini kwa dakika chache. Lakini mishono si mchoro. Ukiikuza, haikui kama picha, inaachana tu, uzi mmoja huku na mwingine kule. Tulipoijaribu kwenye kitambaa kichakavu, lilitoka ua lililotafunwa na panzi. Mama akasema basi nichore upya kutoka kichwani, shangazi hatajua. Nikachora. Nikachora tena. Nilikuwa na majani, nilikuwa na petali, na vyote vilikuwa safi na vimejipanga. Mama alilitazama kwa kichwa kilichoinama.

"Hili ni zuri," akasema. Kisha, kwa sababu mama hawezi kudanganya kwa muda mrefu, akaongeza: "Ni zuri kama ua la kwenye chupa ya sabuni."

Dote ilikuwa imebaki wiki mbili. Ilibidi mtu aende kumwambia shangazi.

"Utaenda wewe," mama akasema.

"Mimi?"

"Wewe njo ulikaa naye. Mimi ni wifi yake. Nikimwambia nimekalia ua la mama yake, litasemwa mpaka kwenye mazishi yangu. Watalisema kabla ya sala."

Kwa mtu mwingine safari ya kutoka kwetu Phillips mpaka Columbia Heights si kitu. Unapanda basi, unabadilisha katikati ya mji, unapanda lingine, basi. Mimi niliitumia njia nzima kutunga sentensi. Nje kulikuwa na ile theluji ya mwezi wa tatu iliyochoka, nyeusi pembeni. Nilianza na "Shangazi, shikamoo, kuna jambo dogo." Tulipovuka mto nikaondoa "dogo". Tulipofika barabara ya Central nikaondoa na "kuna jambo", nikabaki na shikamoo peke yake.

Shangazi alifungua mlango akiwa na kanga kiunoni, na kabla sijaitumia shikamoo yangu nilikuwa tayari nimewekewa sahani ya wali na sombe, yale majani ya muhogo. Nikala. Nikala kwa bidii sana, maana mtu anayekula haulizwi kitu. Wali ukaisha.

"Ua limepotea," nikaiambia sahani.

"Limepotea wapi? Si liko ndani ya kompyuta?"

"Kuna shangazi mwingine amelikalia."

"Shangazi gani?"

"Wa Eagan. Ana kikombe cha chai."

Shangazi alivuta kiti akakaa. Nilimweleza yote, ila sehemu ya nani alisevu niliipitia haraka. Alipomaliza kusikiliza hakucheka, wala hakugomba. Alikunja ncha ya kanga yake, akaikunjua.

"Njo wifi yangu huyo," akasema.

"Mashine iliuliza vibaya, shangazi."

"Mm. Mashine." Akanitazama. "Unamfichia mama yako. Ni vizuri. Endelea."

Nikamwomba ile leso. Nikiwa nayo ningelifuata ua mshono kwa mshono nikalirudisha. Hapo ndipo aliposhika shavu. Leso haikuwepo. Alikuwa amempa msafiri aliyekuwa anarudi Uvira, ampelekee dada yake mkubwa, aone kwamba ua la mama yao limefika Amerika. Kama ilifika au ilikaa kwenye sanduku la mtu huko njiani, hakuwa amesikia.

"Ngoja," akasema, akachukua simu.

Huko Uvira ilikuwa jioni. Kwenye kioo ilitokea kwanza dari, kisha sikio, kisha uso wa mama mzee anayefanana na shangazi lakini aliyekunjwa zaidi. Salamu zilichukua muda wake. Waliulizana afya ya watu ambao nahisi wengine walikuwa wameshakufa. Kisha shangazi akauliza leso.

"Iko," yule dada akasema. "Ilifika tangu wiki ile. Niko nayo hapa."

Nikashusha pumzi yote niliyokuwa nimeibeba tangu Phillips.

"Lakini," akaendelea, "ua hili si la mama."

Shangazi akasogeza simu karibu na mdomo. "Unasema nini?"

"Nasema asante kwa leso. Ni nzuri ya kujipangusia. Lakini ua la mama halikuwa hivi. Petali ya chini ilikuwa fupi."

"Fupi kwa nini?"

"Mama alianza juu, akizunguka. Akifika chini uzi unaanza kwisha. Kila ua, ile ya chini fupi. Hukuona?"

"Nililalia mito ile mpaka niko msichana mkubwa. Ua lilikuwa mviringo kabisa, na jani linalala."

"Wewe ulikuwa unanyonya."

"Nilikuwa darasa la tatu."

"Darasa la tatu, na unanyonya. Watu wote walisema."

Basi wakaingia humo, sauti juu ya sauti, moja kutoka jikoni na nyingine kutoka kwenye simu iliyoegemezwa kwenye chupa ya mafuta. Petali. Jani. Nani alimsaidia mama kuchagua nyuzi sokoni na nani alikuwa anatoroka kwenda ziwani. Mimi nilikuwa nimetoa kompyuta niliyokuja nayo begini, nikawa nachora wa kwanza anachosema, nafuta, nachora wa pili anachosema, na mkono ukaanza kuniuma. Sijui ilitoka wapi. Nilisikia mtu anasema:

"Samahani. Mmoja mmoja, tafadhali. Siwasikii."

Wakanyamaza wote wawili. Mtu huyo nilikuwa mimi.

"Nani huyo?" simu ikauliza.

"Ni mtoto wa kaka. Yule wa kompyuta."

"Kumbe ana sauti."

"Mimi pia naisikia leo."

Masikio yalinichoma, lakini nilikuwa nimeshaanza na kurudi nyuma kungekuwa aibu kubwa zaidi. Nikamwomba shangazi mkubwa aitandaze leso mahali penye mwanga na anitumie picha yake. Alituma dole gumba, kisha mguu wa meza, kisha leso. Nilipata kila mshono. Palepale mezani kwa shangazi nililirudisha ua la kwanza lilivyokuwa, jani limelala, halijalewa. Halafu nikachukua kopi yake na kumwuliza yule wa Uvira maswali, moja moja, petali ya chini ifike wapi, ikomee vipi. Nikaipunguza mpaka aliposema, kwa sauti ya chini tofauti na ile ya ugomvi, "Hapo. Hapo uzi umekwisha."

"Sasa futa hilo lake," shangazi akaniambia, "tubaki na langu."

"Nimesikia," simu ikasema. "Mtoto, futa la huyo."

"Sifuti kitu," nikasema.

Na sikufuta. Nilizisevu zote mbili kwa majina yake yenyewe, si ya watu: UA JANI LINALALA, na UA PETALI FUPI. Zikakaa kwenye folda inayoitwa ASILI. Nikazifunga hivi kwamba unaweza kuzifungua ukatazama mpaka uchoke, lakini huwezi kuandika juu yake hata ukibonyeza ndiyo kwa hakika yote ya dunia. Kazi inafanywa kwenye kopi. Kopi ikiharibika, itupwe, asili iko palepale. Zote mbili nikajitumia kwa barua pepe, na nikaziweka kwenye flashi ambayo haichomekwi kwenye cherehani kamwe, inakaa kwenye droo yangu ndani ya soksi.

Mama alilipokea hili kama mtu aliyepokonywa gari. Alikaa mbele ya kompyuta akajaribu kusevu juu ya ua, ili tu kuona. Kompyuta ikakataa.

"Inaniambia hapana," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Ndani ya nyumba yangu."

Kilichomuumiza zaidi ni sheria ya majina. Sasa kila mteja akija lazima mtu amwulize picha yake iitweje, na kwa kuwa mama anaona ni utovu wa adabu kumwuliza mtu mzima kitu kama hicho, kazi imekuwa yangu. Natoka chumbani, nasimama karibu na kabati, nauliza. Mara ya kwanza nilimwuliza yule nesi wa Eagan, aliyerudi kuongeza aproni. Nilikuwa nimejiandaa kwa "kikombe" tu. Akafikiri sana.

"Andika 'chai ya saa nne hakuna mtu anisumbue'," akasema.

Liko hivyo kwenye folda, lote. Sijalifupisha.

Siku ya dote tulitandika kitambaa kwenye meza mbili zilizounganishwa nyumbani kwa shangazi. Kilikuwa cheupe, na nyuzi nyekundu za rangi ambayo ndugu hawa wawili, kwa muujiza, walikubaliana. Niliweka ua kila kona. Kona mbili lina jani linalolala, kona mbili lina petali fupi. Sikumwuliza mtu. Shangazi alikizunguka kitambaa mara moja, akasimama kwenye petali fupi, akanitazama, nikatazama viatu vyangu. Kisha akaenda jikoni kuona nyama.

Wageni walifika wakiwa na suti na mahali pa kukaa hawajui. Mama alikuwa anapita na soda. Shangazi akawakaribisha kwa sauti ya watu wa heshima, halafu akaongeza:

"Karibuni sana, ila msimwage kitu kwenye kitambaa. Wifi yangu hapa ni mwepesi wa kufuta."

Sebule nzima ikacheka bila kujua kinachochekwa. Mama alisimama na soda zake, shingo imekakamaa, kisha akasema kwamba yeye hafuti siku hizi, amenyimwa ruhusa, na akamwekea shangazi chupa iliyo baridi kuliko zote. Nikajua hilo limekwisha, na kwamba halitakwisha kamwe.

Kabla wazee wa upande wa mwanamume hawajaanza, simu iliita kutoka Uvira. Shangazi mkubwa alikuwa amevaa kitenge cha sherehe, amekaa wima, na leso iko kwenye goti.

"Nionyeshe meza," akasema.

Shangazi angeweza kuanza na kona yoyote. Alikwenda moja kwa moja mpaka kwenye petali fupi, akashusha simu polepole, akaiacha hapo. Kwenye simu alisikika jogoo wa mbali wa jirani.

"Bon," yule dada akasema, akapangusa pua kwa leso. "Sasa nionyeshe na ile yako ya uongo."

Shangazi akamwonyesha.

"Jani linalala vizuri," simu ikasema. "Hilo nilikuwa nimelisahau."

Shangazi aliiegemeza simu kwenye jagi la maji ili dada yake awaone wageni wote, akapitisha kiganja juu ya kitambaa kuondoa mkunjo usiokuwepo. Kisha akakaa, si kwenye kona yake, kwenye ile ya dada yake, na akawaambia wazee wa upande ule kwamba ukoo wote uko mezani, wanaweza kusema kilichowaleta.